Shajara ya mradi: joto la metali na haidraidi zinapokutana na maji, kwa hewa ya Nairobi

Tunachopima

Mradi huu unapima vitu viwili kwa mpigo mmoja: joto linaloingia kwenye maji na haidrojeni inayotoka. Kisha kimoja kinagawanywa kwa kingine. Jibu linaandikwa kama kilojuli (kJ) kwa kila moli ya haidrojeni (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), si kwa kila gramu ya metali.

Gramu zinadanganya. Kalisiamu iliyokaa kwenye kopo lililofunguliwa mara nyingi huvaa ganda la kijivu la hidroksidi na kabonati. Mizani inahesabu ganda hilo kama metali, ilhali ndani ya maji halitoi chochote. Haidrojeni haina unafiki huo: kila moli moja ya kalisiamu halisi inatoa moli moja ya haidrojeni, ganda linatoa sifuri.

Faida ya pili ni kwamba namba hiyo inafanya kazi kama alama ya kidole. Kwa hesabu za majedwali, kalisiamu inatoa takriban kJ 414 kwa kila moli ya haidrojeni, magnesiamu 353, sodiamu 369, potasiamu 393, lithiamu 445, aluminiamu 279. Ukija kwenye haidraidi, yaani metali iliyokwisha kuungana na haidrojeni, namba zinaporomoka: haidraidi ya kalisiamu takriban 117, ya sodiamu 128, ya lithiamu 132. Hakuna metali katika orodha hii inayokaribia 130, wala haidraidi inayokaribia 280. Tofauti inatoka wapi? Kalisiamu ilipoungana na haidrojeni kutengeneza haidraidi, ilishatoa kJ 181.5 kwa moli huko kiwandani. Kilichobaki kwa maji ni 414 kutoa 181.5, yaani karibu 233, na kwa kuwa moli moja ya haidraidi hiyo inatoa moli mbili za haidrojeni, unagawanya kwa mbili.

Chombo

Chupa ya thamosi ya chuma cha pua, nusu lita, ya bei ya kawaida mjini. Kizibo chake cha plastiki kimeondolewa na badala yake kuna kizibo cha mpira chenye matundu matatu: la sensa ya joto, la mpira wa gesi, na la waya wa chuma cha pua unaoteleza kwenye grisi ya silikoni. Chini ya waya huo pananing'inia kikapu kidogo kilichokatwa kutoka chujio la chai. Metali inakaa kwenye kikapu juu ya maji hadi mstari wa joto utulie, halafu waya unasukumwa na kikapu kinazama.

Kikapu si urembo. Kalisiamu ni nzito kuliko maji (gramu 1.55 kwa kila sentimita ya ujazo), kwa hiyo inazama, lakini mapovu yanainyanyua juu, inapumua kidogo, inashuka tena. Ikiwa juu, inapasha hewa na mvuke badala ya maji, na joto hilo linatoroka kupitia mpira wa gesi. Kikapu kinaishikilia chini.

Chujio liwe la chuma cha pua kweli. Yako machujio yanayong'aa ambayo ni aluminiamu, na maji ya chokaa (maji yenye hidroksidi ya kalisiamu, tunayoyatumia kwenye kipimo cha kalisiamu) yanaila aluminiamu na kutoa haidrojeni yake. Utapata gesi ambayo haikutoka kwenye kalisiamu na hutajua imetokea wapi. Waya uliopakwa zinki nao uachwe dukani. Mafundi wa Kamukunji wanalijua chuma cha pua kwa kuligusa kwa sumaku na kulisugua kwa tupa. Waambie unataka lisiloshika sumaku, na ukiweza peleka tone la maji ya chokaa ulijaribu hapo hapo: mapovu yakionekana, hilo si lenyewe.

Sensa ni DS18B20 yenye ganda lisiloingia maji, inayopatikana kirahisi Luthuli Avenue, ikiunganishwa na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) kwa rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Usahihi wake wa jumla ni nusu nyuzi juu au chini, jambo linalowatisha wengi bure. Sisi tunatafuta tofauti ya joto, si joto lenyewe, na hatua yake ndogo kabisa ni nyuzi 0.0625. Kinachoiangusha ni uvivu: ganda lake linachukua sekunde kadhaa kufuata maji, hivyo kilele kinachoonekana kwenye grafu hakiwezi kuaminiwa peke yake. Umeme wa mradi mzima unatoka kwenye betri ya volti 12, maana stima ikipotea katikati ya kipimo, kazi yote imekwenda.

Gesi inapita kwenye mpira, inaingia chupa tupu ya kati, kisha chini ya silinda ya kupimia ya mililita 500 iliyojazwa maji na kupinduliwa kwenye beseni. Chupa ya kati ipo kwa sababu moja tu: thamosi ikianza kupoa gesi ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya beseni kurudi nyuma. Bila mtego huo maji baridi yanamwagika kwenye thamosi na grafu inaonekana kama imepigwa shoka.

Kujua thamosi yenyewe inameza kiasi gani

Tulizamisha rezista ya omu 10 iliyofungwa kwa silikoni kwenye gramu 200 za maji, tukaipa volti 12.0 kwa dakika 6. Hiyo ni wati 14.4, jumla kJ 5.18, kiasi kinachokaribiana kabisa na joto tunalolitarajia kwa nusu gramu ya kalisiamu. Volti ipimwe kwenye miguu ya rezista, si kwenye betri, kwa sababu nyaya nyembamba zinajilia sehemu yake. Maji peke yake yanahitaji juli 837 kwa kila nyuzi. Ziada iliyoonekana, karibu juli 60 kwa nyuzi, ndiyo ya chuma, kizibo na sensa. Namba hiyo inabadilika kizibo kikibadilishwa au maji yakipunguzwa sana, kwa hiyo kila badiliko la chombo linadai upimaji mpya.

Hewa ya Nairobi

Hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari vinapotupoteza. Mwanafunzi anafundishwa kuwa moli moja ya gesi katika joto la chumba ni lita 24. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa katikati ya jiji unazunguka kilopaskali 83.5, si 101.3. Haidrojeni inayokusanywa juu ya maji kwa nyuzi 22 ina mvuke ndani yake unaochukua kilopaskali 2.6, hivyo sehemu ya haidrojeni yenyewe ni 80.9. Ukifanya hesabu, moli moja ya haidrojeni inajaza lita 30.35 za silinda.

Mtu akitumia 24, anahesabu gesi iliyo robo zaidi ya ukweli, na kalisiamu yake inaonyesha kJ 327 badala ya 414. Atalaumu thamosi, atalaumu kalisiamu, atafunga chombo chote kwa pamba, na kosa liko kwenye hesabu.

Na tahadhari: programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha kwa Nairobi mgandamizo wa elfu moja na kitu hektopaskali. Hiyo si ya kweli mahali ulipo; ni namba iliyorekebishwa kana kwamba jiji liko ufukweni, ili wataalamu waweze kulinganisha miji. Tumia sensa ya mgandamizo kama BMP280, au barometa iliyomo ndani ya simu yenyewe kama ipo, na soma kile kinachosomwa hapo hapo mezani.

Kabla ya kusoma silinda, inyanyue au ishushe hadi maji ya ndani na ya beseni yawe usawa mmoja. Sentimita 10 za tofauti ni karibu kilopaskali 1, yaani kosa la zaidi kidogo ya asilimia 1. Pia subiri: hewa iliyokuwa juu ya maji kwenye thamosi, kama mililita 300, inavimba kwa mililita 6 hivi maji yakipanda nyuzi 6. Ama uondoe hiyo kwenye hesabu, ama uache kila kitu kirudi joto la chumba huku mpira ukiwa bado umeunganishwa.

Kalisiamu

Maji: si ya bomba. Tunatumia maji ya betri yaliyosafishwa, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma kibandiko mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo na chupa zake zinafanana.

Maji hayo yanageuzwa kwanza kuwa maji ya chokaa yaliyoshiba. Ukitumia maji matupu, sehemu ya hidroksidi ya kalisiamu inayozaliwa inayeyuka na sehemu inabaki mashapo, na kuyeyuka kwenyewe kunatoa joto lake, takriban kJ 17 kwa moli. Lita moja ya maji inabeba karibu gramu 1.7 tu, kwa hiyo kwenye mililita 200 zaidi ya theluthi moja ya hidroksidi inayeyuka na joto linapanda kwa asilimia 1 na nusu isiyo na mwenyewe. Maji yakiwa yameshiba tayari, yote inayozaliwa inashuka kama mashapo na hesabu inakuwa safi. Chanzo bora cha maji ya chokaa ni kipimo kilichotangulia: acha mashapo yatulie usiku kucha kwenye chupa iliyofungwa, chuja, tumia tena. Chokaa ya kupaka ukuta tusiiguse. Haijulikani imechanganywa na nini.

Punje za kalisiamu zinaparuzwa kwa tupa kavu hadi ziwake rangi ya fedha, zinapimwa gramu 0.50, zinaingia kikapuni mara moja. Usizishike kwa vidole; jasho linatosha kuzianzisha, na glavu na miwani ya kinga ni lazima kwa kuwa mashapo yanayotokea yanaunguza macho. Soma joto kila sekunde 5 kwa dakika 3 kabla ya kuzamisha, kisha endelea kwa dakika 10. Mapovu yanakoroga maji yenyewe mwanzoni. Yakipungua, zungusha thamosi polepole mkononi bila kuitikisa.

Kinachotarajiwa kwa kalisiamu safi: kJ 5.16, maji kupanda nyuzi 5.8, na mililita 379 za gesi. Vipimo vyetu vilitua karibu kJ 405 kwa moli ya haidrojeni, vikitumia mstari wa kupoa uliorudishwa nyuma hadi wakati wa kuzamisha. Tunaridhika na hiyo. Punje zilizoachwa na ganda makusudi zilitoa gesi pungufu na joto pungufu, lakini mgawanyo ulibaki palepale, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Harufu nayo ina habari. Kalisiamu iliyokaa inaweza kutoa harufu ya amonia ikigusa maji, kwa sababu metali hii huungana na naitrojeni ya hewa na kutengeneza naitraidi. Ikiwa harufu ni kali, kopo hilo litupwe kwenye kazi za maonyesho, si vipimo.

Haidraidi ya kalisiamu

Kipimo hiki kimefanywa chini ya kabati la kufyonza hewa, na mtaalamu wa maabara akiwa pembeni. Tunatumia punje, kamwe si unga: unga unamwaga gesi yake yote kwa sekunde chache, na vumbi lake likiingia puani linakutana na maji huko.

Gramu 0.30 zinatoa mililita 433 kama ni safi, lakini joto ni dogo, kJ 1.66 pekee. Kwenye gramu 200 za maji hiyo ni chini ya nyuzi 2, na sensa yenye hatua ya 0.0625 inaanza kuyumba. Tukapunguza maji hadi gramu 100 na kupima thamosi upya.

Sampuli ilitoa takriban kJ 135 kwa moli ya haidrojeni, badala ya 117. Kosa letu la jumla ni kama asilimia 3, kwa hiyo tofauti hiyo ni ya kweli. Kuna maelezo mawili. Moja, ndani ya punje kuna kalisiamu ambayo haikuungana na haidrojeni, nayo inaleta kJ 414 zake. Mbili, kuna oksidi ya kalisiamu, ambayo ikikutana na maji inatoa kJ 65 kwa moli bila tone la haidrojeni. Mgawanyo wa joto kwa gesi hauwezi kuzitenganisha.

Hapo gramu, tulizozifukuza mlangoni, zinarudishwa kama shahidi. Kama ziada ni metali, sampuli ina karibu asilimia 11 ya kalisiamu kwa uzito, na gramu 0.30 inapaswa kutoa mililita 411 hivi. Kama ni oksidi, inahitajika nyingi sana kuleta joto hilo, na gesi ingeshuka hadi karibu mililita 248. Silinda ilisoma 410 na ushee. Ni metali. Mchanganyiko wa zote mbili kwa kiasi kidogo unawezekana, ila oksidi haiwezi kuwa nyingi.

Magnesiamu: njia ya kuzunguka

Utepe wa magnesiamu ukiwekwa kwenye maji baridi unatoa vipovu vichache halafu unanyamaza. Hidroksidi ya magnesiamu karibu haiyeyuki kabisa, inabaki kama utando juu ya metali na kuufunga mlango. Mmenyuko unaochukua masaa hauwezi kupimwa kwenye thamosi yetu, joto linavuja haraka kuliko linavyozaliwa.

Kwa hiyo tunapita njia ya asidi. Gramu 0.24 za utepe uliosuguliwa kwa msasa zinatupwa kwenye mililita 200 za asidi ya hidrokloriki ya moli 0.5 kwa lita. Hiyo inatoa kJ 467 kwa moli. Kisha unapima joto la hidroksidi ya magnesiamu ikiyeyuka kwenye asidi hiyo hiyo, kJ 114 kwa moli. Kutoa moja kwa nyingine kunabakiza 353, joto la magnesiamu na maji bila kusubiri. Thamosi ya chuma isitumike hapa, kloridi na asidi vinaitoboa. Chukua ile yenye kioo ndani na uipime upya.

Sodiamu na potasiamu hazipimwi kwenye chombo hiki

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini lithiamu, yenye joto kubwa kuliko zote kwa moli ya haidrojeni na kwa gramu ya metali (kJ 32 kwa gramu moja, mara nne ya sodiamu), inachemka kwa utulivu huku potasiamu ikiwaka. Jibu liko kwenye kasi, na kasi inategemea kuyeyuka. Potasiamu inayeyuka kwa nyuzi 63.5, sodiamu kwa 97.8, lithiamu kwa 180.5. Ikishakuwa kimiminika, metali inajisafisha utando wake na kuonyesha maji uso mpya kila mara. Mwaka 2015 mkemia Pavel Jungwirth na wenzake walionyesha kwa kamera za kasi kwamba tone la sodiamu na potasiamu iliyoyeyuka hutoa miiba ya metali kwa chini ya elfu moja ya sekunde, kwa sababu elektroni zinakimbilia majini na kuacha chaji zinazosukumana. Kitu cha namna hiyo ndani ya thamosi iliyozibwa, pamoja na hewa na haidrojeni, ni bomu. Hatutakipima, na yeyote anayefuata mradi huu asikipime.

Kinachoendelea sasa: mfuko wa kupasha chakula

Sehemu ya mwisho inatoka kwenye thamosi na kwenda mezani. Mifuko ya kupasha chakula cha wanajeshi wa Marekani hutumia unga wa magnesiamu uliochanganywa na chuma kidogo pamoja na chumvi. Kloridi inatoboa utando, chuma kinachukua elektroni, na utepe mvivu unageuka jiko lisilo na moto.

Kupandisha gramu 300 za githeri (mahindi na maharagwe) kwa nyuzi 40 kunahitaji kama kJ 42. Magnesiamu inatoa kJ 14.5 kwa gramu, kwa hiyo gramu 2.9 zingetosha kama hakuna kinachopotea. Lakini kinapotea, na Nairobi kinapotea zaidi. Maji ya mfuko yakifika nyuzi 80, kila moli ya haidrojeni inayotoka inabeba moli 1.3 za mvuke na kuondoka na kJ 55 hivi. Mombasa, kwa mgandamizo wa baharini, ingebeba moli 0.9 na kJ 37. Kwa mfuko wetu huo ni upotevu wa asilimia 15 hapa dhidi ya 10 kule, na ndiyo sababu gramu 3.5 ndizo tunazoanza nazo.

Haidrojeni ya mfuko mmoja wa gramu 3.5 ni karibu lita 4.4. Ukifungia mfuko unaofanya kazi ndani ya kasha la barafu la lita 20 ili "utunze joto", hewa ya humo inafika asilimia 18 ya haidrojeni, na haidrojeni inashika moto kuanzia asilimia 4. Mdomo wa mfuko ubaki wazi, dirisha wazi, na jiko la gesi limezimwa.

Sambamba tunajaribu chokaa ambayo haijazimwa, yaani oksidi ya kalisiamu: kJ 1.16 kwa gramu, hivyo gramu 36 kwa githeri ile ile, uzito mara kumi na mbili. Haitoi haidrojeni hata kidogo. Kwa mtu wa kawaida wa Nairobi anayetaka chakula cha moto kazini, sisi tungempa chokaa. Magnesiamu ni ya anayebeba mzigo mgongoni na kuhesabu kila gramu.

Kinachofuata ni kulinganisha saizi mbili za unga wa chuma kwenye mchanganyiko wa asilimia 5, tukipima muda wa kufika nyuzi 60 katikati ya githeri, si kwenye ukingo wa mfuko ambako sensa husoma joto la mvuke na kusifia kitu ambacho bado ni baridi ndani.